Tangi la Uvuguvugu na Jina la Baba Mkwe

Wenzangu wa karakana, leo nimepatikana. Tena mbele ya kamati nzima ya hospitali, asubuhi kweupe, nikiwa ndani ya ovaroli niliyoipiga pasi kwa ajili ya shughuli hiyo hiyo.

Kwa kuwa tuliachana chuoni, nianze na habari za hapa. Niliolewa Mbeya, kwa Wanyakyusa, na mimi ndiye fundi bomba wa hospitali moja huku mlimani (ndiyo, mwanamke; na huku pia wanauliza). Mnajua mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu ukikutana na baba mkwe unasema "Kamwene", naye anakuitikia, kila mmoja anakwenda zake. Huku sivyo. Huku mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hapiti njia anayopita yeye, hakai chumba alichomo. Na jina lake halitamki. Wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Wanawake wa hapa wana maneno yao ya pembeni kwa kazi hiyo na wanayamudu vizuri sana. Walokole wengine wameacha mambo haya. Nyumba yetu haijaacha, mama mkwe amehakikisha.

Sasa sikieni balaa langu. Baba mkwe alizaliwa siku nyumba yao ilipoungua, wakampa jina la kitu kilichoiunguza. Jina ndilo neno lenyewe, herufi kwa herufi. Mnalijua. Kinakaa jikoni, kinakula kuni. Na mimi kazi yangu ni boila!

Basi nimejifunza kuzunguka. Nasema "mwako", nasema "ule wekundu", nasema "kile cha jikoni". Hata neno la mwana mdogo wa binadamu mama mkwe amelitilia shaka, eti mwisho wake unasikika vibaya, ndiyo maana mimi nasema "vichanga". (Angepewa jina la mnyama yeyote wa porini ningekuwa mtu wa raha.)

Turudi hospitalini. Wodi zetu zina rejeta ukutani, kubwa kuliko za malori, na boila ya kuni inazipelekea maji ya kuchemka. Kwa baridi ya Juni ya huku, bila rejeta hizo vichanga waliozaliwa kabla ya siku zao hawaponi. Tatizo ni kwamba boila yetu haikuwa na kiasi. Magogo yakishika vizuri, mabomba yanagonga ukutani, rejeta hazishikiki, wauguzi wanafungua madirisha. Magogo yakiisha, alfajiri wodi inakuwa ya barafu na akina mama wanawaficha vichanga vifuani. Nikasema dawa yake ni tangi la kati. Maji ya boila yapite tangini kwanza, tangi lishibe, halafu lenyewe liwe linazigawia wodi kidogo kidogo hata boila ikilala. Ni kihenge tu, wenzangu: unavuna kwa pupa, unakula kwa adabu.

Tangi lenyewe lilitoka kwenye lori la mafuta lililopinduka Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara ya Zambia. Tulilisugua kwa mchanga na sabuni mpaka harufu ya dizeli ikakata tamaa. Nikalivalisha magunia yaliyojaa pumba za mpunga kutoka Ubaruku, lisipoteze uvuguvugu wake. Nawaambia bila aibu, nalipenda tangi lile. Asubuhi nje nyasi zimeganda, vidole havikunjiki, wewe unapenyeza mkono chini ya gunia na unalikuta limetulia na akiba yake tumboni, halina haraka na mtu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Lakini Mwenyekiti wa kamati, Mbena mmoja wa Njombe anayevuta kiko, aliona ni chuma cha bure. Alitaka likatwe, liwe la kunyweshea ng'ombe wa hospitali. Tukabishana hadi tukapatana jaribio. Boila izimwe jana jioni, kamati ije leo asubuhi. Wakikuta maji bado yana uvuguvugu, tangi linabaki. Yakiwa yamepoa, ng'ombe wanapata chombo na vichanga wanarudia maisha yale ya zamani. Matroni aliweka blanketi za ziada na kuni tayari, kama lolote lingetokea.

Asubuhi nilipita wodini mapema. Rejeta zilikuwa safi, vichanga wamelala, akina mama wameteremsha khanga mabegani. Nilitembea kuelekea chumba cha boila kama mtu aliyeshinda kesi. Nikasimama dirishani kuingoja kamati. Landrova ikafika. Akashuka Mwenyekiti na kiko chake, akashuka Matroni, wakashuka wajumbe wengine. Wa mwisho akashuka mzee mrefu, koti la baridi hadi magotini, kofia mkononi.

Baba mkwe.

Kumbe mjumbe wa kanisa lao anaumwa, wakamteua yeye ashike nafasi yake. Mume wangu alijua tangu Jumapili. Akasahau kuniambia. (Huyo tutazungumza naye.)

Chumba cha boila kina mlango mmoja, na wao ndio walikuwa wanaingia. Sikuwaza mara mbili. Nikajipenyeza nyuma ya tangi, kati ya magunia na ukuta, pale penye bomba la kutolea maji na mpira wake. Mahali penyewe panatosha paka aliyekonda. Nikabana tumbo.

Mwenyekiti akauliza fundi yuko wapi. Matroni ni Mnyakyusa. Aliona ncha ya kiatu changu, akamwona na mzee mlangoni, akaelewa yote kwa mpigo. Akamnong'oneza Mwenyekiti, na Mwenyekiti akashusha pumzi ndefu, akasema haya, fundi aeleze kutoka huko huko aliko. Nikajiuliza kama inaruhusiwa. Nikaamua kwamba simsemeshi yeye, naisemesha kamati, na kama yeye ana masikio hilo si kosa langu.

Basi nikaanza kuhubiri nikiwa nyuma ya tangi. Wenzangu, nilieleza vizuri! Nilieleza kihenge, nilieleza wodi, nilieleza pumba. Neno lile sikuligusa hata mara moja. Kisha nikasikia sauti nzito na ya taratibu, haikunielekea mimi.

"Mwulizeni anayesema," baba mkwe akamwambia Matroni, "hayo maji yakizunguka usiku kucha, ya juu na ya chini tangini hayachanganyiki?"

Nilitaka kumkumbatia (Mungu nisamehe). Katika kamati nzima ni yeye peke yake aliyeuliza swali la kifundi. Nikamjibu Matroni kwamba yaliyochemka hukaa juu, yaliyopoa huzama, kwa hiyo wodi huchota juu na boila huchota chini. Nikamsikia mzee akiguna kwa kuridhika. Nilisikia fahari mpaka nikasahau mgongo unavyoniuma.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipogongesha kiko chake kwenye gunia la juu, akamwaga majivu, akaendelea kuuliza mambo ya bei ya kuni.

Yeye hakuona. Mimi niliona. Moshi mwembamba, halafu pumba zikaanza kung'aa. Na mimi nimebanwa, mikono haifiki juu.

"Samahani, ndugu wajumbe," nikasema, "kile cha jikoni kimehamia kwenye gunia."

"Tunakusikia, ndugu fundi," akasema Mwenyekiti. "Endelea."

"Namaanisha ule wekundu. Umepanda juu ya tangi."

"Umepanda kwa kiasi gani?" akauliza, nikasikia na kalamu ikitolewa.

Walidhani bado nawafundisha! Gunia likapasuka, ulimi wa mwako ukaruka juu kuelekea kenchi za paa, na ng'ambo ya ukuta ule ndipo walipolala vichanga. Sikuwa na njia nyingine. Nikalitamka. Nikalipiga kelele kwa pumzi zangu zote, neno lile ambalo kila mtu hulipiga nyumba inapoungua, kama vile lipigwavyo, mara mbili mbili, bila "mzee" mbele yake.

"Naam," akaitika baba mkwe.

Na kwa kuwa ameitika, wenzake wakadhani ninamwita yeye! Hakuna aliyesogea. Walikuwa wanatazamana, wakiona haya kwa niaba yangu. Mimi nikarudia kupiga kelele, naye, maskini, kwa malezi mema aliyonayo, akaitika tena.

Basi nikafungua bomba la kutolea maji. Lote. Mpira ukajaa, nikauelekeza juu, ukazima gunia la kwanza, ukazima la pili, halafu ukaniponyoka. Ulivyokuwa unacheza mle ndani siwezi kueleza. Maji ya tangi yana kutu, rangi yake ni chai ya mkandaa. Yalimpata Mwenyekiti kifuani na kiko kikazimika. Yalimpata Matroni gauni jeupe. Na baba mkwe, aliyekuwa anakuja mbio kuitikia wito, yalimpata kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

Nikatoka nyuma ya tangi nikitambaa, ovaroli nyeusi kwa masizi, pumba zimeniganda usoni. Kwa siku moja nilikuwa nimemtaja baba mkwe, nimemkaripia, na nimemwogesha. Nikajifunika kichwa kwa gunia lililolowa na kungoja ardhi ipasuke. Nilipochungulia, nilimwona mzee ameshageukia ukutani zamani, kofia ameiweka usoni, maji yanamchuruzika. Alijificha yeye ili mimi nisipate aibu ya kuonekana. Moyo uliniuma kwa adabu ile.

Mwenyekiti alikuwa anafungua mdomo, na najua alichotaka kusema kilihusu ng'ombe. Baba mkwe akamtangulia, bado kauangalia ukuta.

"Ndugu Mwenyekiti, wewe unatetemeka?"

Mwenyekiti akajitazama. Amelowa chapachapa, Juni, Mbeya, mlango uko wazi. Akasema hapana, hatetemeki.

"Hata mimi," akasema mzee. "Boila imelala tangu jana, na maji haya yamenipa uvuguvugu hadi kwenye mifupa. Mimi naona jaribio limekwisha. Tangi libaki."

Wajumbe waliolowa wakainua mikono, kisha akainua na Mwenyekiti. Sijawahi kuona kura nzuri kama ile, mikono yote inachuruzika kutu. Matroni akakimbilia wodi ya vichanga kuwapa akina mama habari, na mimi nikalia chini ya gunia, kwa aibu na kwa furaha, sijui ipi ilizidi.

Wakaanza kutoka. Mzee akasimama mlangoni, kanipa mgongo, akaagiza kwa sauti ya kusikika.

"Mwambieni mkamwana wangu: akiwa humu kazini, jina langu aliite. Aliite kwa nguvu, tena mapema. Lisije likachelewa kwa heshima likaunguza watu. Akirudi nyumbani, alikunje."

"Ndaga fijo," nikashukuru kwa Kinyakyusa, nikiliambia tangi, na tangi si mkwe wa mtu.

Kwa hiyo, wenzangu, ruhusa ninayo. Mimi ndiye mkamwana pekee katika wilaya hii mwenye kibali cha kumwita baba mkwe kwa jina, na kibali chenyewe kinaishia kwenye mlango wa boila. Nanyi msinicheke kwamba nimewaandikia yote haya bila kulitaja: nawaandikia nikiwa nyumbani, na mama mkwe yuko hapa karibu yangu, anasoma kila mstari.