Mara Elfu Moja na Moja

Jumatatu, 9 Juni 2025
Sauti ya Odile haivuki benchi la tatu. Kasema Mama Adolphine, kiongozi wa kwaya yetu hapa Kasulo, mtaa uliojaa mashimo ya machimbo, mbele ya wote. Sauti hiyo isipofika mlangoni Jumapili, solo, wimbo wa kuimba peke yake, atapewa Jocelyne, naye Odile atarudi kwao Kasaji moja kwa moja. Mimi hukaa benchi la pili. Kwangu inafika hadi mifupani. Nikajitolea kuunda ampli, mashine ya kukuza sauti. Odile akanitazama! Sekunde mbili.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata ampli-op, kidude cheusi chenye miguu minane, ndani ya redio mbovu. Hesabu yake siijui. Ikanibidi kumwendea Mechack, fundi wa simu, mwenye diploma na meno mazuri. Akaeleza: gawa resistansi (kizuizi cha umeme) inayorudisha umeme nyuma kwa ile inayoelekea ardhini, ongeza moja. Kilo-omu tisini na tisa kwa moja, ongeza moja: sauti inakua mara mia. Micro, yaani maikrofoni, ikileta milivolti kumi, inatoka volti moja. "Tata Modeste," kana kwamba mimi ni baba yake, "mia inatosha." Inamtosha nani?

Jumamosi, 14 Juni
Mahali pa tisini na tisa nimeweka kilo-omu elfu moja. Ukuzaji: elfu moja na moja! Nimerudia hesabu mara nne. Ni sahihi. Mechack alipita. "Ile betri yako iko na volti ngapi?" Tisa, nikajibu. Akatikisa kichwa. Wivu.

Jumapili, 15 Juni
Odile akafungua kinywa. Ikatoka mashine ya kusaga mawe. Mtu wa nyuma akapiga kelele: "Shimo inaanguka! Batoto, mutoke!" Kanisa likabaki tupu. Mechack akabadilisha resistansi moja, dakika tatu. Eti betri ya volti tisa haiwezi kutoa volti kumi. Sauti hukatwa kichwa. Watu wakarudi. Odile akaimba. Sauti ilifika mlangoni, ikavuka barabara. Solo ni yake. Kwangu, benchi la pili, ilikuwa ileile ya siku zote. Akamshika Mechack mkono. Mimi akaniambia, "Tata Modeste, pole na kazi."

Jumatatu, 16 Juni
Odile anakwenda kwao Kasaji kumpa mama yake habari ya solo. Mechack atambebea mzigo. Nimefikiri. Kosa ni betri tu! Nimeazima ya lori, volti ishirini na nne. Resistansi mpya: kilo-omu elfu kumi; zitatoka volti mia! Treni ya Kasaji inaondoka Alhamisi, tarehe 19, saa mbili asubuhi. Nitakuwa kituoni na ampli, nitalitamka jina lake mara moja tu.