Shuka Asubuhi, Toga Alasiri

Siku ya Mwezi, tarehe 9 Mei. Neapolis.

Nimekataliwa tena. Safari hii kwa sababu ya mabega yangu. Numisius, kaka yake Numisia, alinikagua kutoka shingoni hadi kisiginoni, akasema dada yake mjane haolewi na mtu aliyejifunga shuka kama anatoka kuoga. Nikamkumbusha kuwa mimi, Straton, ni raia wa Roma. Baba yangu aliupata uraia kwa kupiga makasia ya jeshi mpaka mgongo ukapinda. Akasema basi raia avae toga, joho la Kirumi. Nije siku ya Zuhura, alasiri, nimevaa toga na nimenyoa, tumchinjie Juno, mungu wa ndoa, kitoto cha nguruwe, posa ipokelewe.

Numisia alikuwa uani akichambua dengu, amevaa gauni la Kigiriki lililobanwa mabegani kwa pini. Kaka mtu hakulisemea neno. Numisia akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nawaza toga.

Narudi nyumbani, nakuta wito wa Mjomba Nikeratos. Mjomba hana mtoto. Ana karakana ya manukato na wapwa wawili, mimi na binamu yangu Kteson, dobi. Ametangaza kuwa siku ya Zuhura, asubuhi, atamchagua mrithi: yule anayevaa kama babu yetu Mgiriki. Ndevu, na shuka la pembe nne juu ya ngozi tupu. Kanzu ya ndani, asema, ni ya Warumi na ya watu wenye jambo la kuficha.

Siku hiyohiyo! Bila karakana sina cha kumlishia mke. Bila mke, karakana ya nini?

Siku ya Mirihi, tarehe 10 Mei.

Nimeshinda sokoni nikitazama nguo za watu. Wanaume wawili wamenionya kuhusu wake zao.

Matokeo ya utafiti. Toga imenyooka upande mmoja, upande wa pili imeviringa kama nusu mwezi. Shuka letu lina pembe, kama mlango. Shuka unajitupia mwenyewe huku unatembea. Toga inahitaji mtu wa kukuvika na mwingine wa kukuhakikishia kwamba hujafanana na mzigo. Hubana mkono wa kushoto. Mrumi akishavaa, akiwashwa mgongo huvumilia kwa ajili ya taifa. Wao ndani wana kanzu. Babu zetu ndani walikuwa na wao wenyewe.

Zaidi ya hayo ni sufu ya kondoo yuleyule.

Nimepata wazo. Nguo moja, tabia mbili.

Siku ya Utaridi, tarehe 11 Mei.

Nimeshona. Shuka refu, pembe zina vipande vya madini ya risasi ili lining'inie kwa heshima. Kuna nyuzi za kuvuta. Ukizivuta, pembe zinajikunja ndani, ukingo unaviringa, Mgiriki anakuwa Mrumi. Ukilegeza, anarudi kwao.

Nimempelekea Kteson alipake chokaa liwe jeupe. Alicheka mpaka akaushikilia mtungi wake wa mkojo, ule wa kufulia. Akaniambia, "Straton ndugu yangu, kwa nini usichague moja tu kama binadamu wengine?" Kisha akanisihi nivae kanzu ndani. Mjomba haoni vizuri, alisema, hatajua.

Ahaa. Ndicho anachotaka, Mjomba anikute na kanzu. Wivu huo. Sivai.

Siku ya Mushtarii, tarehe 12 Mei.

Limebaki suala la ndevu. Mjomba anazitaka, Numisius hazitaki. Nimenyoa shavu la kulia tu. Mjomba atapewa kushoto, Numisius kulia. Inataka nidhamu ya shingo, basi.

Nimefanya mazoezi chumbani. Mwenye nyumba amenikuta nikitembea ubavu kama kaa. Akauliza kama ninaumwa. Nikamgeuzia shavu ninalodhani analipenda.

Siku ya Zuhura, tarehe 13 Mei.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Nilimpa Mjomba shavu lenye ndevu. Akainua pindo la shuka kwa fimbo, akachungulia, akaridhika. Akasema damu ya babu bado ipo. Kteson alikuja na kanzu yake ya kazi, imelowa, akaambiwa asubiri nje. Mjomba akaahidi kuwaita mashahidi jioni. Karakana ilikuwa yangu.

Nikaaga, nikasema nina jambo dogo mjini. Akauliza jambo gani. Nikasema nguruwe. Sijui kwa nini nilisema nguruwe. Mjomba hajawahi kumwacha nguruwe aende peke yake. Akachukua fimbo tukaondoka wote.

Njiani nilitafakari upya. Nikavuta nyuzi za upande wa kulia tu. Kulia nikawa Mrumi, kushoto Mgiriki. Madhabahuni nikasimama katikati yao, naangalia mbele. Numisius akaitazama toga ya upande wake, akanong'ona kwamba sasa nafanana na mtu. Mjomba akalitazama shuka la upande wake, akauliza nyama itaiva lini.

Kisha Numisius akajifunika kichwa kwa toga, akaniambia nijifunike, maana Mrumi akitoa sadaka hufunika kichwa asije akaona jambo la mkosi. Mjomba akanivuta kiwiko: kichwa wazi, mjinga wewe, mungu anataka kuona uso. Katika utafiti wangu wote sikuwa nimefika kichwani.

Nilitumia busara. Nikajifunika sikio la kulia tu. Numisius akasema kichwa chote. Nikavuta kidogo. Akasema chote, au niondoke. Nikavuta kwa nguvu.

Kitambaa kilichopanda kichwani kilitoka chini. Nyuzi zikakatika. Pembe yenye risasi ikaruka ikampiga Numisius sikioni, naye alipofunua kichwa kuona kulikoni, akaliona jambo la mkosi. Lilikuwa mimi. Sikuwa na kanzu.

Mjomba peke yake alifurahi. Akawaonyesha wageni kwa fimbo kwamba hivi ndivyo wanaume walivyokuwa. Hapo nikageuka kujisitiri, akaona shavu lililonyolewa. Numisius akaona lenye ndevu. Nguruwe akapata nafasi akakimbia.

Numisia alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua huyo naye nimempoteza.

Jioni Mjomba amempa Kteson karakana. Kanzu anayo, alisema, lakini uso wake ni mmoja.

Siku ya Zohali, tarehe 14 Mei.

Kteson amekuja kunipa kazi karakanani. Tangu jana ananukia waridi. Nimemwambia nitafikiria. Nimeshafikiria, ni kosa la urefu wa kitambaa. Dhiraa mbili zaidi na leo ningekuwa mchumba mwenye mali.

Mchana akaja Numisia mwenyewe. Nilijifunga blanketi. Akasema sikio la kaka yake litapona. Akasema yeye ni mjane, amekwisha zika mume na kuendesha nyumba, wala si mbuzi wa kaka yake. Angenikubali hata ningekuja nimevaa gunia, alimradi nimuulize yeye. Kaka angenung'unika siku mbili kisha angekula nyama kama kawaida. Kisha akabaki mlangoni ananitazama, kama mtu anayesubiri kitu.

Nikamshukuru kwa taarifa, nikamwomba anipishe, nina haraka.

Gunia. Kumbe ni rahisi hivyo. Nimelipata bandarini, la singa za mbuzi, refu, linafunika kichwa na miguu na bado linabaki. Linawasha, lakini mpaka alasiri nitakuwa nimezoea. Limebaki jambo moja tu, nalo nimemtuma mtu akamuulize Numisius: je, gunia Warumi hulitupia bega gani?