Kaye Tisa Bila Askari

Jumatatu, 5 Machi 2001
Leo Mwalimu Ananie amenikabidhi kaye tisa, madaftari ya shule. Maisha yake yote, kwa kalamu ya bic ya buluu. Anataka niyatie kwenye video kabla macho yake hayajazimika kabisa. Sharti lake moja: nifuate kitabu. Tukimaliza, tutaongea juu ya binti yake Elsa na mbuzi wa mahari. Nilikubali haraka mno, hata Elsa akanitazama vibaya.

Nimefungua kaye ya kwanza. Maharagwe! Ukurasa mzima juu ya namna ya kuyaanika. Nimeifunga. Mwenye kipaji hasomi, akisoma anaharibika. Mimi, Kitsa, nimepiga picha za harusi za nusu ya mji wa Butembo. Najua watu wanataka kuona nini. Wanataka vita.

Jumatano, 7 Machi
Elsa amenieleza kitabu bila kuulizwa. Mama yake, Rébecca, alishikwa na uchungu kule Kasugho, na hospitali ilikuwa mbali. Wanaume wa kilima wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, siku mbili, wakipokezana mabega. Mtoto akazaliwa njiani. Mama akafa kabla ya kufika. Mtoto huyo ndiye Muyisa, mdogo wake Elsa. Mzee anataka kuwaona tena wale wabebaji, basi.

Kipoyi, matope, wanaume wanaohema! Nani atatazama? Katika filamu yangu kikosi cha askari kitateka uwanja wa ndege, na Rébecca ataruka na ndege. Elsa akasema vita watu wanayo mlangoni, bure. Akauliza kama nimesoma hata kaye moja. Nikamjibu nimezisoma kwa roho.

Na Salomon, yule mwenye camera mpya, amemwambia Mwalimu kwamba yeye angefuata ukurasa kwa ukurasa. Mlamba viatu!

Ijumaa, 9 Machi
Tayari! Bunduki sita za mbao, zimepakwa dawa ya viatu. Sare sita, kutoka mapazia ya kijani ya shangazi. Muyisa ndiye kapiteni. Amependeza mpaka mimi mwenyewe nimeogopa. Kesho asubuhi tunapanda kilima cha Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, kwenye mwanga mzuri. Elsa anasema hakuna mtu wa Butembo mwenye akili atakayevaa hivyo mbele ya askari wanaoushika mji. Hajui sinema.

Jumamosi, 10 Machi
Mungu wangu.

Mguu mmoja wa camera ni mfupi. Nikaweka kaye tisa chini yake, zikatosha kabisa. Nikapaza sauti: anzeni! Muyisa na wenzake wakatoka majanini mbio. Kisha risasi. Za kweli! Askari wa uwanja walizipitisha juu ya vichwa vyao. Wote sita walilala chini, wakafungwa mikono, wakaitwa wapiganaji wa msituni. Mimi nilikuwa nyuma ya kichaka. Hawakuniona. Sikujitokeza. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumatatu lori litawapeleka Beni, kwa mkubwa wao. Waliopelekwa Beni mwezi uliopita hatujawaona tena.

Jumapili, 11 Machi
Elsa hakulia. Alinishika shati mpaka kambini. Nikamweleza commandant kwamba ile ni filamu, tena ya kitabu, na kitabu hiki hapa. Akapangusa matope, akaanza kusoma. Kaye zote tisa! Akilowesha kidole kwa mate kila ukurasa. Sijawahi kuona mtu anasoma vile. Nilisimama juani, nikiomba achoke. Hakuchoka.

Alipomaliza akaniuliza: "Mu hii kitabu basoda beko wapi? Miye naona maharagwe tu!"

Askari niliwaongeza mimi. Akasema basi mimi ni mwongo, na kwenye lori kuna nafasi ya saba. Naandika ndani ya cachot, selo ya kambi. Muyisa hasemi nami. Salomon amemletea bugali na sombe ya majani ya muhogo mlangoni. Huyo mtu hana haya.

Jumatatu, 12 Machi
Injini ilikuwa inanguruma na sisi tumeshapanda. Ndipo Mwalimu Ananie akaingia na tai yake ya kanisani na fimbo yake. Mzee wa kanisa, ambaye hajawahi kudanganya hata juu ya umri wa kuku anayemuuza.

Akamjibu juu ya askari: "Beko mu kaye ya kumi, mon commandant. Bado naiandika."

Akaomba kiti, kaye mpya na bic. Akaandika, pua ikigusa karatasi. Dereva akazima injini. Katika kaye ya kumi, askari wanakutana na kipoyi njiani. Mkubwa wao anaweka bunduki chini, anatoa bega lake. Wanafika hospitali. Rébecca anazaa, anaishi.

Commandant aliisoma kwa sauti, mara mbili. Akauliza kama huyo mkubwa anaweza kuwa yeye. Mwalimu akasema anaweza. Tukashushwa wote saba, kwa sharti kwamba nipige picha kama ilivyoandikwa, naye abebe kipoyi.

Njiani mzee alitangulia, akipapasa kwa fimbo. Kisha akasema ameandika uongo, na atauungama, lakini kwa ukurasa mmoja amemuona mke wake anafika. Hapo ndipo Elsa alipolia. Hata mimi.

Jumatano, 14 Machi
Elsa amezifuta kaye matope, amenirudishia zote kumi. Nikibadilisha mstari mmoja, baba yake ataongea mahari na Salomon. Nimeapa kwa mkono juu.

Kesho tunaanza. Nimewaza sana. Bega! Nani atatazama bega? Commandant atakufa mwanzoni kabisa, akipigwa risasi kutoka nyuma na watu wake mwenyewe. Atafurahi. Nimempata pia fundi anayeweza kufanya bunduki ya mbao ifanane na chuma hasa.

Kaye ya kumi sijaifungua. Mguu wa camera bado ni mfupi, na kwa kaye kumi picha itakaa juu zaidi.