Kifaa cha Dharura Nyuma ya Kiti cha Shemeji

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kaninunulia kifaa cha dharura. Ieleweke vizuri: kayaki ikikupindukia baharini, unakunjua antena, unabonyeza, ishara inapanda kwenye setilaiti, waokoaji wanajua ulipo. Nimemweleza mara kadhaa. Akasema anajua, ndiye aliyekinunua. Nikifanya mchezo nacho, kasia linafungiwa kabatini. Mwalimu mstaafu asiye na kasia ni fanicha tu!

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, karudi kuvua na kolekole, samaki wa kubebwa na watu wawili. Mimi, vibua viwili. Nikamuuliza anavulia wapi. Akasema, "Baharini, mwalimu." Ufuo mzima ukacheka.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata! Waokoaji wakipokea ishara humpigia simu ndugu wa mwenye kifaa. Nimemwandikisha mke wangu. Basi kifaa kiwake kwenye kayaki ya shemeji, simu iite nyumbani, mahali patajwe, mimi nitege sikio. Faida za kusoma hizi.

Jumamosi, 9 Machi
Nilikifunga nyuma ya kiti cha shemeji, nikakiwasha, nikamsukuma majini kwa upendo. Akaniita shemeji bora. Taa ikamulika mgongoni mwake. Yeye macho mbele, anapiga mluzi.

Mbio nyumbani. Nikajitolea kumenya vitunguu. Mke wangu akauliza kama naumwa. Simu ikaita. Akasikiliza, akanitazama, akamwambia mwokoaji kwamba mumewe hajazama, yuko jikoni anamenya vitunguu. Hapo ulimi ukateleza: "Muulize ni wapi hasa!"

Akamtaja kaka yake, akidhani ndiye anayezama, akaanza kulia. Nikakiri yote, kitunguu mkononi.

Boti ikamleta shemeji amefungwa blanketi juani. Waokoaji wakanieleza, kwa upole ulioniumiza, kwamba walipokuwa wakinitafuta mimi, mtu mwingine angeweza kuwa anazama. Kweli kabisa. Kasia limeingia kabatini.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu hasemi nami, ila kaniwekea chai. Shemeji kaja, kanikumbatia, kasifu blanketi. Kaniombea kwa dada yake: nikiwaomba radhi waokoaji ana kwa ana, kasia litatoka. Nimewaomba. Limetoka!

Nimelitafakari kosa langu kwa kina, na nimeliona. Kifaa kilikuwa kwa jina langu. Kesho nakiandikisha kwa jina la shemeji. Ndugu wa kupigiwa simu: mimi.