Prime ya Kufundisha

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Habari njema. Chuo cha udaktari kitatulipa prime, posho ya ziada, sisi madaktari tunaofundisha wanafunzi hapa hospitalini, kila mmoja kwa idadi ya wanafunzi wake. Miaka yote nimefundisha bure, yaani nimefundisha kidogo. Dokta Fatouma ana wanafunzi sita. Mimi wawili. Hilo litarekebishwa.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Nimewanong'oneza wanafunzi wa Fatouma kwamba kwangu hakuna maswali ya asubuhi na alama ni nzuri. Wanne wamehamia, Emerance mmoja wao. Fatouma ameniuliza kama nitaweza kuwasimamia wote. Nimemjibu kwamba kufundisha ni wito. Sikumtazama usoni.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nilikwenda mtaa wa Kyeshero kumwona karani wa chuo, anihesabie wanafunzi wangu vizuri. Wodi ya uzazi nikamwachia Emerance peke yake. Karani alikuwa anakula. Nikangoja. Simu ikalia.

"Docta, mutoto ametoka muzuri, lakini damu ya mama haisimame. Nifanye nini?"

Nikaanza kueleza, mtandao ukakatika. Nikapanda pikipiki, tairi likapasuka. Nikakimbia juu ya mawe ya volkano nikiwa na viatu vya ofisi.

Nilimkuta Fatouma ameweka mkono wake juu ya mkono wa Emerance, anamwonyesha namna ya kukanda tumbo ili kizazi kijikaze. Damu ilikuwa imesimama. Mgonjwa, mama Donatille, akanishukuru kwa sauti ndogo. Alidhani mimi ndiye niliyemtuma Fatouma. Nikaitikia kwa kichwa. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Emerance ameomba kurudi kwa Fatouma. Aliomba kwa heshima, ndiyo maana iliuma. "Papa docta, nataka tu mutu wa kuwa karibu." Wenzake watatu wakamfuata.

Nikamwomba Fatouma msamaha. Akasema nikamwombe mama Donatille. Nikafika hadi mlangoni mwa wodi. Alikuwa ananyonyesha. Nikageuka. Sikula jioni.

Jumatatu, tarehe 11 Machi
Chuo kinatafuta mratibu wa madaktari wanaofundisha. Prime yake ni kubwa kuliko yetu, na halazimiki kukanyaga wodini. Mtu anayefaa namjua, nimenyoa naye ndevu mbele ya kioo asubuhi ya leo. Wanataka barua ya kunipendekeza, kutoka kwa mwenzangu wa kazi.

Nitamwomba Fatouma. Ananijua vizuri.