Ombi la Kufutwa kwa Kozi ya Maji Yanayovurugika

Kwa Mkuu wa Idara ya Uhandisi,

Mheshimiwa,

Salamu nyingi na pole na kazi. Mimi ni fundi bomba, mwaka wa ishirini na mbili huu, na mume halali wa mwanafunzi wako wa uzamili, yule mrefu anayekaa mbele na kuuliza maswali hadi wenzake waanze kufunga mabegi. Tangu aingie kozi yenu ya utangulizi wa mtiririko wa vurugu, yaani maji yanavyovurugika bombani, nyumbani kwangu hakukaliki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vyombo havioshwi. Zamu yake ikifika, anafungua bomba kidogo kidogo, anasubiri maji yaliyonyooka yaanze kutapatapa, anafunga, anaanza upya. Juzi tumekula kwenye mfuniko wa sufuria.

2. Mwalimu wenu amekiri mbele ya watu wazima kwamba milinganyo yake ni michache kuliko mambo asiyoyajua, na kila akiongeza mmoja, asiyoyajua yanazidi. Mimi nikimwambia mteja kuwa kila nikiziba tundu moja yanatoboka matatu, atanitimua na spana zangu. Huyu wenu mnamwita daktari.

3. Kwa kuwa eti maji hayo hayatabiriki, wanafundishwa kushika wastani. Sasa nikimuuliza mke wangu atarudi saa ngapi, ananipa wastani. Harusi ya dada yangu tulifika kwa wakati, kwa wastani: mimi nilitangulia kwa saa tatu, yeye akachelewa kwa saa tatu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Zamani nikirudi kazini aliniuliza leo nimezibua nini, na alisikiliza hadi mwisho. Siku hizi nikimweleza kuwa maji yamepita vizuri bila kelele, ananionea huruma. Mheshimiwa, naona wivu, na ninayemwonea wivu ni maji.

Kwa hiyo naomba kozi ifutwe. Ikishindikana, maji yote ya chuo yapunguzwe kasi mpaka yatulie. Na hilo likishindikana, mwalimu aje kwangu nimfundishe kufunga bomba, maana maji yakivurugika ni uzembe wa fundi, si fumbo la kusomewa shahada.

Nisalimie karani wako, walinzi wa getini, na hata huyo mwalimu, kinyongo changu naye si kikubwa sana.

Wako mtiifu, ila nimechoka,
Fundi Spana

Tanbihi: Kabla sijaifikisha barua hii, nimeitwa maabara kwenu. Lile bomba refu la majaribio lilikuwa linavuja. Nimelifunga upya, maungio nikayasugua, maji yakapita kimya kabisa. Mwalimu nusura alie: hakuna vurugu hata chembe, na mtihani wa vitendo ni kesho. Ikabidi niharibu ungio moja kwa makusudi, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze ufundi. Maji yalivurugika vizuri mno, darasa zima lililokuwa likijiandaa pale likapiga makofi, na mke wangu akawatangazia wote kwamba huyo ni mume wake. Tafadhali kozi isifutwe. Na wakitaka yavurugike zaidi, nipo.