Lori la Danford

Jumatatu, 8 Julai 1996
Kiwanda cha pamba kimepata tajiri mpya, na tajiri anapunguza watu. Safari hii mtu mmoja tu: Danford, fundi mitambo, jirani yangu. Nilifurahi mpaka saa nne. Saa nne nikasikia atasafirishwa hadi Bukoba alikoajiriwa, yeye, mke, watoto na vyombo vyote. Eti sheria. Lori zima! Mkewe Generoza anawatangazia wanawake kisimani kuwa atakaa mbele na dereva. Mke wangu Esteria akarudi na ndoo, akaniuliza mimi nimewahi kumpandisha nini. Sikula.

Jumanne, 9 Julai
Nimemwuliza Rahma, karani wa masijala. Akasema lori ni haki ya anayepunguzwa, si ya anayeacha kazi mwenyewe, na linamfikisha pale alipoajiriwa tu. Akafungua faili langu. Niliajiriwa Ngulyati, kijiji cha jirani tu! Akacheka, akasema mimi baiskeli inanitosha. Miaka kumi na tisa kwenye mizani, halafu baiskeli!

Alhamisi, 11 Julai
Bahati! Tajiri anataka tujaze fomu upya. Mahali ulipoajiriwa? Nikakodolea macho ramani ya ukutani, nikatafuta mbali kuliko Bukoba. Newala. Sijui hata wanakula nini huko. Nikaandika kwa herufi kubwa. Kisha nikamwendea meneja, nikamwomba anipunguze mimi. Akaniuliza mara mbili kama naumwa. Mpango wangu: lori lituzungushe mjini, watu waone, halafu dereva atushushe Ngulyati kimyakimya.

Jumatatu, 15 Julai
Barua imetoka. Nimepunguzwa! Lakini alitakiwa mtu mmoja tu, kwa hiyo Danford anabaki. Tena amefanywa msimamizi. Amekuja kunishukuru na jogoo, machozi yanamtoka. Jogoo mwenyewe anawashinda wangu wote. Esteria amemtazama Danford, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Jumamosi, 20 Julai
Lori! Mtaa mzima umetoka. Nimekaa mbele, nimepunga mkono mpaka bega likauma. Danford naye alipunga, ila kwa ovaroli mpya. Kujionyesha tu. Ngulyati nikamwomba dereva, Twaibu, asimame. Esteria akashuka na mtoto wetu Salu, na godoro, akasema anakwenda kwa mama yake. Mengine aliyaongeza kwa Kisukuma. Nashukuru Twaibu hakuelewa. Nilipotaka kushuka mimi, Twaibu akakataa. Karatasi yake lazima igongwe muhuri Newala, na mwenye mizigo aonekane. Nikikiri fomu ni ya uongo, nitashtakiwa kwa kughushi. Nikarudi kwenye kiti. Nimelilia Ngulyati mpaka Shinyanga.

Ijumaa, 26 Julai
Newala. Muhuri umegongwa, lori limeondoka. Nimekaa juu ya kitanda changu mbele ya ofisi ya kata. Watu ni wakarimu, wananiuliza kwetu ni nyumba ipi. Sina kazi, sina mke, sina godoro. Roho inaniuma kweli.

Jioni nimepata wazo. Nimeanza barua kwa meneja: nilikosea fomu, naomba lori linirudishe. Danford hata akipunguzwa mwakani, atasafirishwa mara moja tu. Mimi mara mbili!